Wajukuu wa Bi Mwanaisha: Kibwana kang'atwa

Hamisi, 19:02
Nasema hapa hapa mbele ya ukoo ili mashahidi wawepo. Ijumaa mchezoni msinihesabu. Kaka Nassor kaninyang'anya Kibwana, mhusika wangu.

Nassor, 19:04
Mwezi ulikuwa mpevu. Ulitaka nifanyeje?

Zuu, 19:04
😂😂😂

Hamisi, 19:06
Cheka tu. Nimemlea yule toka leveli ya kwanza. Halafu naambiwa "lete karatasi, sasa huyu wangu", nabaki nimekodoa macho nusu saa nzima anarusha dadu zangu na kumfanya Kibwana amrarue punda wa watu

Zuu, 19:06
Punda WANGU. Alikuwa na jina.

Nassor, 19:09
Kitabu cha mchezo kinaniruhusu. Monster Manual ya 2014: mhusika akishapata laana ya mbwa mwitu, ya kugeuka mnyama mwezi ukipevuka, na roho yake ikageuka kuwa ovu, DM, yaani msimulizi kama mimi, ana hiari ya kumwendesha mwenyewe mpaka laana itolewe. Kwa vampaya, wafu wanyonya damu, pia imeandikwa hivyo hivyo.

Hamisi, 19:10
Hiari. Sio lazima. Na roho ya Kibwana haijageuka, alikuwa anaipinga laana. Anayeipinga anabaki na tabia zake mpaka mwezi utoke, soma ukurasa huo huo

Nassor, 19:10
Na mwezi ulitoka

Mama mdogo Asha, 19:13
Hamisi kang'atwa na nini???

Mama mdogo Asha, 19:13
Osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 zisipungue, kisha mpelekeni hospitali akachomwe sindano USIKU HUU. Kichaa cha mbwa si mchezo. Mbona hamjaniambia

Zuu, 19:14
Mama mdogo shikamoo, ni mchezo 😭 ule wa Ijumaa wa kusimuliana na kurusha dadu. Aliyeng'atwa ni mtu wa kwenye karatasi

Mama mdogo Asha, 19:17
Marahaba. Mmenipandisha presha bure. Na huyo punda?

Zuu, 19:17
Wa karatasi pia. Mungu amrehemu

Rukia, 19:21
Na mimi niseme, kwa sababu mnazungumza kama tatizo ni huo usiku mmoja. Toka Kibwana ang'atwe mchezo mzima umekuwa wa Hamisi. Tukiingia kijijini tunajadili Kibwana atafungwa minyororo wapi. Tukilala, zamu ni za kumlinda Kibwana. Halafu kwenye vita yeye hadhuriki! Panga la kawaida halimwingii, mshale haumwingii, mpaka silaha iwe ya uchawi au imepakwa fedha. Mimi navuja damu kila Ijumaa, yeye anapiga miayo.

Hamisi, 19:22
Sikuomba kung'atwa. Nilirusha dadu ya uvumilivu, nilitakiwa 12, nikapata 9

Rukia, 19:22
Hukuomba, lakini hujaomba kutibiwa vilevile

Hamisi, 19:23
...

Nassor, 19:23
Hapo kasema.

Mjomba Mbaruk, 19:40
🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

Rukia, 19:41
Mjomba shikamoo, niko kwenye daladala siwezi kusikiliza, andika

Mjomba Mbaruk, 19:52
Marahaba. Haya, naandika kwa kidole kimoja, mvumilie.

Jambo hili ni la zamani kuliko mchezo wenyewe. Dungeons & Dragons ilichapishwa 1974. Kabla ya hapo Dave Arneson alikuwa anaendesha meza yake kule Minnesota, Marekani, kwenye nchi ya kubuni inaitwa Blackmoor. Mchezaji wake mmoja akageuka vampaya, wakamwita Sir Fang. Akawa hashikiki. Arneson hakumpokonya karatasi. Mchezaji mwingine alipewa padri mwindaji wa vampaya, mfano wa wale wa sinema za zamani, ili ubabe upate mbabe. Zuu, kasisi wako ametokana na yule padri. Hiyo nguvu yako ya kufukuza wafu waliofufuka ilianzia kwa Sir Fang.

Zuu, 19:53
Kwa hiyo kasisi wangu Bi Nuru aliumbwa kwa ajili ya watu kama Hamisi. Nilijua 😌

Mjomba Mbaruk, 19:58
Sasa Nassor. Nilipokuwa nasoma Manchester miaka ya tisini tulicheza Vampire: The Masquerade, ilitoka 1991. Kule wote ni vampaya toka mwanzo. Kila mtu ana alama za utu wake kwenye karatasi. Ukiua ovyo zinashuka. Zikifika sifuri, umekwisha, mhusika anakwenda kwa msimulizi. Call of Cthulhu ya 1981 ni vivyo hivyo na alama za akili timamu. Mwisho wake ni kunyang'anywa, kama ulivyofanya wewe. Lakini mchezaji anauona mwisho unakuja, alama moja moja, na kila inayoshuka anajua ni kwa tendo gani. Mtu akifika sifuri meza inanyamaza, hakuna anayenuna. Hamisi ulimchukulia ghafla.

Nassor, 20:01
Sawa mjomba, ila nikimwachia aendeshe mbwa mwitu mwenyewe atamfanya mbwa wa kufugwa. "Kibwana ananusa, anakwenda kulala." Laana gani hiyo?

Mjomba Mbaruk, 20:04
Basi mpe kazi. Mwambie: usiku huu Kibwana ana njaa na hamjui rafiki, nani yuko karibu zaidi? Mwachie ajibu yeye. Mchezaji ukimkabidhi ubaya wa mtu wake mwenyewe mara nyingi anakuwa mkali kuliko ambavyo ungethubutu wewe.

Hamisi, 20:05
Ningemrarua punda vilevile, kusema kweli

Zuu, 20:05
HAMISI

Hamisi, 20:06
Alikuwa karibu!

Rukia, 20:09
Na hiyo ngozi ya chuma? Bado hamjanijibu.

Nassor, 20:13
Nilishaanza kuangalia. Kupaka fedha silaha moja, au mishale kumi, ni sarafu 100 za dhahabu. Kijiji kizima kimemwona Kibwana akigeuka. Habari ikifika mjini wahunzi watapata kazi. Adui mwenye hela hatakuja tena na panga tupu.

Au tuhamie kitabu kipya cha 2025. Kule mbwa mwitu hana tena kinga hiyo. Ila uking'atwa, laana ikakushika, na pointi za uhai zikafika sifuri, unageuka papo hapo na unakuwa wa DM.

Hamisi, 20:14
Hatuhami

Rukia, 20:15
😂 ghafla anapenda vitabu vya zamani

Mama mdogo Asha, 20:18
Mimi sielewi kwa nini mbwa mwitu. Huku Tanga nani kamwona mbwa mwitu wa kugeuka? Mfanyeni fisi. Fisi kila mtu anajua ana wenyewe usiku

Mjomba Mbaruk, 20:19
Asha kawashinda nyote

Nassor, 20:20
Mama mdogo hii naiba. Kampeni ijayo, yaani hadithi yetu mpya.

Zuu, 20:26
Turudi. Bi Nuru yuko leveli ya nne. Nikifika ya tano napata dua ya kuondoa laana. Tumebakiza kikao kimoja au viwili hivi. Hamisi nakuuliza mbele ya mashahidi ulioita mwenyewe: nikiipata, utakubali nikuombee?

Hamisi, 20:31
Nafikiria

Rukia, 20:31
Dakika tano!

Hamisi, 20:38
Sitaki kutibiwa. Naona Kibwana anaanza kuipenda laana. Hiyo ndo hadithi yake sasa.

Nassor, 20:44
Basi tuelewane leo, isije ikawa kilio tena. Akiikumbatia laana, roho inageuka, na huyo haendi safari moja na kasisi. Nakupa vikao vitatu, mwezi mpevu mmoja mmoja, unamwendesha wewe. Rukia na Zuu wanajua tarehe za mwezi, sifichi. Baada ya hapo Kibwana anaondoka kwenye kundi na anakuwa adui mkuu wa kampeni, wewe unaunda mtu mpya. Na kila nitakapomwendesha nakuuliza kwanza angesema nini.

Hamisi, 20:47
Na akifa?

Nassor, 20:47
Siku ya kufa dadu zake unarusha wewe.

Hamisi, 20:52
Sawa. Nimekubali. Ijumaa nipo.

Rukia, 20:53
Na minyororo nani anabeba sasa, punda hayupo

Hamisi, 20:53
Nabeba mwenyewe

Zuu, 20:55
Nassor, kabla hatujaondoka kijijini, Bi Nuru anapita kwa mhunzi. Mishale kumi, ipakwe fedha.

Hamisi, 20:55
Zuu!!

Zuu, 20:56
Sarafu mia tu. Nilikuwa nazo za kununulia punda.