Mjadala: Mzaliwa wa Unguja aendelee kuingia kwao kwa viza?

Mwanzisha mada (Mkunazini, Unguja)

Assalaam aleikum. Naleta hapa jambo ambalo kila msiba na kila sikukuu linarudi mlangoni kwetu. Mtu aliyezaliwa hapa, kwa baba na mama wa hapa, akichukua uraia wa nchi nyengine, ni haki sheria imvue uraia wa kwao?

Nianze na yaliyotukuta sisi. Mama alifariki alfajiri ya Alhamisi, tukamzika baada ya sala ya Adhuhuri. Kaka yangu anaishi London miaka mingi sasa. Alifika Ijumaa mchana, udongo wa kaburi bado mbichi. Kiwanja cha ndege alipanga foleni ya wageni pamoja na watalii waliokuja kuota jua. Akalipa dola 50 za viza, na kabla ya hapo ameshalipa dola 44 za bima ambayo kila mgeni anaingilia nayo Zanzibar tangu Oktoba 2024. Kwenye maombi ya viza paliulizwa sababu ya safari. Aliniambia alikaa muda mrefu mbele ya swali lile, mwisho akajaza likizo. Kitovu chake kimezikwa uani kwetu, chini ya mkomamanga, na siku ya pili ya msiba wa mama yake ameandikwa mtu wa likizo.

Afisa wa dirishani hakumkosea adabu. Alipojua kilichomleta alimpa pole kwa mikono miwili. Kwa hiyo simlaumu mtu, nailaumu sheria.

Sheria ya Uraia ya 1995 inamwachia mtoto kuwa na uraia wa nchi mbili mpaka afikishe miaka 18. Mtu mzima akichukua wa kwengine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Na uraia umo kwenye mambo ya Muungano tangu Hati za 1964, kwa hiyo Baraza la Wawakilishi hata likikubaliana kwa kauli moja haliwezi kuligusa neno hilo. Visiwa vyetu vina watu Muscat, Dubai, London na Toronto; ni nyumba chache zisizo na mtu nje. Uamuzi uko Dodoma.

Najua nitaambiwa kuhusu hadhi maalum. Ni kweli, mwaka 2024 serikali ilipeleka bungeni mabadiliko ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili wenye asili ya Tanzania wapate unafuu. Ni hatua na naiheshimu. Lakini hadhi hiyo haina kura, na ni kitu cha kuombwa. Kaka yangu aombe ruhusa ya kuwa mtu wa Mkunazini, aiombe kwa nani?

Kuna na binti yake, ana miaka 17. Alizaliwa huko kabla baba yake hajabadilisha uraia, kwa hiyo ana pasi mbili, zote halali. Juzi alizitandaza mkekani mbele yangu, zote za buluu, moja imekoza na moja imefifia kidogo. Akaniuliza, “Shangazi, hii nikitimiza 18 naipeleka wapi?” Mtoto huyu kajifunza Kiswahili kwa bibi yake kwenye simu, kila Jumapili, tangu hajui kusoma. Sikuwa na jibu.

Msimamo wangu ni huu: uraia wa kuzaliwa usifutwe kwa sababu mtu ametafuta riziki kwengine. Karibuni.

Mchangiaji (Wete, Pemba)

Dada, pole sana. Mungu amrehemu mama yetu, amlaze pema. Ila kwenye mada mie siko pamoja nawe.

Mimi ni mtu wa karafuu. Nachuma, naanika, nauza, ikija mvua kwenye majamvi nalia. Kwa Sheria ya Ardhi ya Zanzibar ya 1992, haki ya kutumia ardhi ni ya Mzanzibari. Hiyo ndiyo ngao pekee aliyobaki nayo kijana wa Micheweni. Nenda Paje au Nungwi ukaulize bei ya kiwanja, halafu uniambie nani anaweza kushindana na mtu anayelipwa kwa pauni. Huyo mwenye pauni mnataka arudishiwe haki zote, na kule abaki nazo zote. Sisi tunayo moja tu.

Na kuna la kiapo. Kaka yako alisimama mbele za watu akaapa kumtii mtawala wa Uingereza. Hakulazimishwa. Januari 2001, kwenye machafuko ya Pemba, wengine tulivuka kwa mashua mpaka Shimoni, pwani ya Kenya, tukiwa hatuna hata kandambili, na tukarudi. Anayebaki na shida za nchi na anayekuja Idi hadi Idi wasiwekwe mizani moja.

Mchangiaji (Darajani, nafanya kazi ya tiketi)

Siasa nawaachia, nataka kusema na shangazi mtu kuhusu huyo binti, maana haya nayaona kila wiki.

Tangu tarehe 25 Februari 2026 Uingereza imekaza. Raia wake mwenye uraia wa pili aoneshe pasi ya Uingereza, au cheti cha haki ya kuishi huko, ambacho bei yake ni mara kadhaa ya pasi yenyewe. Akija na ya Tanzania peke yake anaweza kukataliwa kupanda ndege, na viza haombi, kwa sababu raia hapewi viza ya kwao. Kanada ni hivyo hivyo tangu Novemba 2016. Marekani sheria yao inamtaka raia wao aingie na atoke kwa pasi ya Marekani.

Nilipata familia iliyokuja kwa harusi. Pasi ya Uingereza ya mtoto ilikuwa imemaliza muda, ya Tanzania bado mpya, wakaona inatosha. Tiketi nne zilibadilishwa tarehe, na mama alilia pale pale kwenye kiti.

Jengine ni majina. Huku mtoto anafuatishwa jina la baba na la babu, kule wamempa ukoo mmoja. Tiketi ikatwe kwa jina la pasi atakayoionesha anakokwenda, na nyengine asiiache nyumbani.

Mchangiaji (Chake Chake)

Ndugu yangu wa Wete, umeitaja Shimoni. Wapemba wa pwani ya Kenya walioishi miaka na miaka bila uraia wowote, mwaka 2023 Kenya iliwatambua na kuwapa vitambulisho. Binamu zangu wamo. Leo wanakuja Pemba bila viza, maana Mkenya haihitaji. Kaka wa dada huyu analipa. Wote ni damu ya visiwa hivi, na kilichowatenganisha ni jalada la pasi. Hebu lijibu hilo.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote. Mtu wa Darajani, Mungu akulipe. Kumbe pasi ya binti ya Uingereza nayo inakaribia kumaliza muda, na sisi tulikuwa tumeikalia ile nyengine tu.

Ami wa Wete, kwenye ardhi umenigusa, na sitakujibu kwa haraka. Nimekulia kwenye nyumba ya kupanga, najua bei inavyomkimbia mtu. Kama uraia pacha utakuja pamoja na kikomo cha viwanja, au sharti la kuishi nchini kabla ya kupewa ardhi, mimi naunga mkono na kaka yangu ataunga mkono. Hakurudi kutafuta kiwanja.

Kwenye kiapo hatukutani. Kenya imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, na kifungu cha 78 kinawazuia maofisa wa dola na wanajeshi kuwa nao. Khofu ya utii waliiwekea uzio pale inapohusika, kwa wanaoshika madaraka na silaha, hawakumfungia nje mjukuu anayekuja kumzuru bibi. Uganda nayo inaruhusu, na Rwanda. Kwa nini sisi tushindwe?

Niseme na lisilonifurahisha. Hata Dodoma wakikubali kesho, ndugu zetu wengi wa Muscat hawatafaidika, kwa sababu Oman nayo hairuhusu uraia wa pili ila kwa ridhaa ya Sultani. Ninachokipigania kitawafaa wengine na kitawaacha wengine, na miongoni mwa watakaoachwa wamo watoto wa khalati yangu.

Binti anatimiza 18 mwezi wa Novemba. Kama kuna mtu humu aliyempitisha mwanawe kwenye hatua hiyo ya kuukana uraia mmoja, upande wowote ule, aje atueleze alianzia ofisi gani, na mtoto alikuwa na hali gani siku ile.