Tupeane uzoefu: draiva ya printa inapoisimamisha ofisi nzima

Mshika_Seva

Wakuu, heshima kwenu. Nahudumia ofisi ambayo printa zote zimeunganishwa kupitia seva moja. Kompyuta ya mtu ikigoma, anateseka yeye. Draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa) ya kwenye seva ikigoma, wanasimama wote, hata wanaotumia printa nyingine kabisa. Na lawama huwa za printa, wakati mara nyingi yenyewe ni nzima.

Naanza na yangu. Huduma ya Print Spooler, ile ya Windows inayoshika foleni ya kazi za kuchapisha, ilikuwa ikizimika yenyewe. Tukiiwasha, inakwenda kidogo, inazimika tena. Watu wakataka ninunuliwe seva mpya. Nilipofungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, na kusoma taarifa za kuanguka kwa spoolsv.exe (programu ya huduma hiyo), kila mara lilitajwa faili lilelile la DLL, la draiva ya printa kuukuu ambayo karibu hakuna aliyeitumia. Hapo nikaelewa: draiva ikiendeshwa ndani ya mchakato wa spoolsv.exe, ikianguka inauvuta mchakato mzima.

Tangu Windows Server 2008 R2 inawezekana kuitenga. Fungua Print Management, nenda Drivers, bofya kulia juu ya draiva, Set Driver Isolation, chagua Isolated. Kuanzia hapo inaendeshwa na PrintIsolationHost.exe, na ikianguka inaanguka peke yake. Niliitenga kwanza ili watu wafanye kazi, kisha nikaiondoa kwa utulivu.

Leteni yenu. Dalili ilikuwa ipi, na mzizi ulikuwa wapi?

Kebo_Ndefu

Mkuu, mimi kabla ya kugusa draiva huwa nahakikisha kwanza si kazi moja mbovu iliyokwama kwenye foleni. Simamisha Print Spooler, ingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa mafaili ya .SPL na .SHD, washa tena. Watangazie watu mapema, maana kila kilichokuwa kikisubiri kitapotea, cha kila printa.

Baada ya hapo angalia. Ikikwama tena kwa waraka uleule tu, tatizo ni waraka. Ikikwama kwa waraka wowote, rudi kwenye draiva.

Zamu_ya_Usiku

Somo langu kubwa ni la 2021. Mwezi Julai dunia nzima iliambiwa kuhusu PrintNightmare, yaani CVE-2021-34527, udhaifu wa Print Spooler uliomwezesha mvamizi kuendesha programu zake kwa mamlaka ya SYSTEM, yaani ya juu kabisa kwenye Windows. Microsoft wakatoa masasisho, na lile la Agosti 10 likabadilisha kanuni: asiye admini haruhusiwi tena kufunga wala kusasisha draiva kutoka kwenye seva. Matokeo yake, watumiaji wa kawaida waliofungua printa zao walikutana na dirisha la kudai nywila ya admini. Simu hazikukatika.

Wapo waliokimbilia rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows) na kuweka RestrictDriverInstallationToAdministrators kuwa 0, yaani kuizima kanuni hiyo. Printa zikarudi, na hatari ikarudi nazo. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ushauri huo bado unazunguka hadi leo. Sisi tulichofanya ni kulinganisha matoleo. Kompyuta zilikuwa na draiva tofauti na ya seva, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa inaamsha lile dirisha. Tukaisambaza draiva ya seva kwenye kompyuta zote kwa haki za admini, na dirisha likaacha kujitokeza.

Mama_Toner

Zamu_ya_Usiku, ile hitilafu ya 0x0000011b ya kushindwa kuunganisha printa ya seva nayo ilikuwa hiyohiyo?

Zamu_ya_Usiku

Hapana dada, ile ilikuja Septemba mwaka huohuo, ulipoanza kulazimishwa ulinzi wa mawasiliano ya RPC (njia ya programu ya kompyuta moja kuagiza kazi kwenye nyingine) kati ya kompyuta na seva. Draiva haikuhusika. Kuna waliouzima ulinzi huo kupitia RpcAuthnLevelPrivacyEnabled, sikushauri. Sasisha pande zote mbili, seva na kompyuta.

Mama_Toner

Asante sana mkuu, hiyo ilinisumbua kweli.

Yangu ni ya karatasi. Printa ilianza kutema kurasa kwa mamia zenye herufi zisizosomeka, na juu ya ukurasa wa kwanza kumeandikwa %!PS-Adobe. Mstari huo wenyewe ndio jibu. Seva ilikuwa inatuma PostScript kwa printa inayoelewa PCL tu; hizo ni lugha mbili tofauti za kuiagiza printa. Mtu alibadilisha draiva ya foleni akidhani zote ni sawa kwa kuwa ni za kampuni moja. Nikaweka ya PCL6, nikafuta foleni, ikawa shwari.

Fundi_Poti

Printa kusomeka "Offline" wakati inawaka? Acheni draiva, angalieni poti. Kama ni ya WSD (aina ambayo Windows huitafuta printa yenyewe kwenye mtandao), tengenezeni Standard TCP/IP na muitengee printa anwani ya IP isiyobadilika. Ikiendelea hivyo na inachapisha, zimeni alama ya SNMP Status Enabled (ya kuiuliza printa hali yake) kwenye mipangilio ya poti.

Kebo_Ndefu

Naongeza moja kwa Mshika_Seva, kwa kuwa unaondoa draiva za zamani. Kabla ya kuondoa chochote, hifadhi seva nzima ya printa kwa PrintBrm.exe, au kwa Print Management kupitia Export printers to a file. Foleni, poti na draiva vinaingia kwenye faili moja, na ukihitaji kurudi nyuma unaliingiza hilohilo. Mafaili hayo yatunze nje ya seva yenyewe.