Wimbo unaoyumba tempo: uunyooshe nyumbani, uuendeshe kwa mkono au uukamate kwa lupu (kipande kinachojirudia)?

Deki_Njiro
Wakuu, tulinganishe. Nyimbo za elektroniki zilizopigwa kwa mkono bila kliki (mlio wa kuhesabu mapigo), au zilizopitia kaseti, hazikai tempo moja. Unakuta inaanza biti (mapigo) 118 kwa dakika, katikati 119.5, mwisho 118.6. Ukiiweka juu ya wimbo ulionyooka, ndani ya nusu dakika ngoma zinagombana. Kazi ni seti ya saa mbili, bustani ya wazi Njiro, Arusha, CDJ mbili (deki za kuchezea nyimbo) na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya chaneli nne. Njia ipi inaruhusu kuunganisha dakika nzima bila watu kugeuza shingo?

Pasua_Biti
Pima kwanza, mkuu. Gonga tempo biti 32 mwanzoni, 32 katikati, 32 mwishoni, uandike. Tofauti ya 0.2 tu kwenye 120 ni karibu milisekunde 0.8 kwa kila biti, haisikiki. Baada ya biti 32 imefika 27, na hapo kiki (ngoma nzito ya chini, siyo ya mitandaoni) inaanza kutoa "tu-tum". Tofauti ikiwa 1 nzima, biti hizo hizo 32 zinakupa milisekunde 132. Hiyo hata mhudumu anayepita na sinia anaisikia.

Halafu tofautisha kuyumba na kuchezacheza. Wimbo unaopanda taratibu ndani ya dakika mbili unanyoosheka vizuri. Ule ambao shekere inatangulia na snea (ngoma ya mlio mkali) inachelewa kila baa (kundi la biti nne), huo ndio mdundo wake. Ukiunyoosha umeua.

Sauti_Moshi
Mimi ni wa kunyoosha nyumbani, kwenye Ableton Live (programu ya muziki). Zima Auto-Warp (upangaji wa biti wa kiotomatiki), inakisia vibaya nyimbo za namna hii. Weka alama ya kwanza (ya kufunga biti kwenye mstari) kwenye kiki ya kwanza halisi, siyo kwenye kelele ya mwanzo. Kisha ruka hadi baa ya 9, ya 17, ya 25. Kiki ikiwa nje ya mstari kwa zaidi ya milisekunde 20, ongeza alama hapo. Ikiwa ndani, iache. Kosa la wengi ni kuweka alama kila biti: wimbo unatoka kama roboti.

Chagua hali ya Re-Pitch. Inabadilisha kasi na sauti pamoja, kama sahani ya santuri, kwa hiyo kiki inabaki safi. Badiliko la asilimia 1 ni kama sehemu ya sita ya nusu toni, hakuna atakayelisikia. Hali ya Complex Pro inalinda noti lakini inailainisha kiki mpaka inakuwa uji. Toa faili la WAV la bit 24 (kipimo cha ubora wa sauti, siyo mapigo), kilohezi 44.1.

Deki_Njiro
Na rekordbox (programu ya kuandaa nyimbo za CDJ) kuchambua kwa Dynamic badala ya Normal? Si inamaliza kazi bila kugusa wimbo?

Sauti_Moshi
Inasaidia, ila wimbo wenyewe unabaki unayumba. Kinachobadilika ni gridi (mistari inayoonyesha biti zilipo). Ikague kwa jicho baa kwa baa, maana mara nyingi inashika haihati (matoazi) badala ya kiki. Ukiirekebisha, hamisha tena kwenye flashi, la sivyo CDJ inasoma gridi ya zamani. Na usiuache wimbo huo uwe MASTER (unaoongoza tempo) huku SYNC (kitufe cha kufuata tempo) imewaka kwenye deki ya pili: wimbo ulionyooka utaburuzwa nao.

Kijenge_Fonosi
Dada Sauti kaeleza vizuri, ila kwa nyimbo 40 ni wiki nzima ya kazi. Lupu inatatua kwa sekunde 5. Ukiurudia urefu ule ule wa biti 4, tempo ya kile kipande haiyumbi tena, kwa sababu kila mzunguko una urefu uleule. Ila usitumie lupu ya kitufe kimoja, inapima kwa gridi iliyokosea. Zima QUANTIZE (inayokuvuta kwenye gridi), bonyeza IN (mwanzo wa lupu) juu ya kiki ya kwanza na OUT (mwisho wake) juu ya kiki ya tano, kwa sikio. Ukiwahi kidogo utasikia inachechemea. Rekebisha OUT kwa gurudumu. Kisha linganisha pichi (kasi) na wimbo unaoingia, kata besi ya lupu, ingiza mpya, ondoa lupu kwa mwangwi.

Besi ndiyo inayoumbua. Shekere na haihati zikipishana milisekunde 30 watu wanadhani ni mdundo. Kiki mbili zikipishana hivyo ni aibu. Deki moja tu iwe na besi wakati wote.

Pasua_Biti
Naongeza la bustani ya wazi. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika zikiwa mita 10 mbele yako unazisikia milisekunde 29 nyuma. Ukilinganisha hedifoni na spika hizo unapanga makosa kwa uaminifu kabisa. Omba monita karibu na meza. Ikikosekana, weka deki zote mbili kwenye hedifoni.

Na wanaorekodi santuri: sahani inayozungushwa kwa mkanda yenye mota ya AC hufuata hezi (mizunguko kwa sekunde) za umeme. Jenereta ikishuka kutoka 50 hadi 48, wimbo unazama asilimia 4. Sahani ya Technics SL-1200 MK2 haina shida hiyo, mota yake inaongozwa na kwatzi (fuwele inayotunza kasi).

Deki_Njiro
Basi nyimbo 6 za katikati ya seti nazinyoosha, zilizobaki lupu. Kijenge, lupu ya biti 4 au 8 pale sauti ya mwimbaji inapoingia?

Kijenge_Fonosi
Biti 4, na uichukue kabla hajafungua mdomo. Neno lililokatwa katikati likijirudia mara nane, hata besi haitakuokoa.