Naanza kazi Perth na vijana wa Kiaborijini wenye ulemavu walio na kesi, naomba uzoefu wenu

Msafiri_Perth
Habari za saa hizi wakuu. Nimekuwa nikihudumia watu wenye ulemavu majumbani, zaidi wazee, sasa nimehamishiwa timu ya vijana wenye kesi mahakama ya watoto. Wengine wametoka Banksia Hill ambayo ndo jela ya watoto ya huku Western Australia, wengine wako nje kwa dhamana. Karibu wote ni Waaborijini, kuna Wanoongar ambao hapa Perth ndo kwao na kuna waliotoka Kimberley, huko kaskazini zaidi ya kilomita 2,000. Kila faili nalofungua lina kitu, mmoja hasikii vizuri, mwingine kuongea kwake kulichelewa, wengine wana FASD, yaani ubongo uliathirika na pombe wakiwa tumboni.

Mafunzo niliyopewa yalikuwa ya kujaza fomu na kujilinda tu. Kijana wa kwanza niliyetambulishwa anavunja masharti ya dhamana kila mara, haripoti, anakutwa nje usiku, ukimuuliza umeelewa anajibu ndiyo, kesho yake yale yale. Wenzangu wanasema ni kiburi na wameshamchoka, mimi moyo unakataa. Nianzie wapi? Na mimi mweusi niliyetoka Moshi, je familia zao watanipokea au ndo wataniona ni serikali tu kama wengine?

Mwl_Rehema (Darwin)
Anzia masikioni kaka. Sitanii. Watoto wa Kiaborijini hasa wa vijiji vya mbali wanaugua masikio ya kutoa usaha tangu wachanga, yanarudi na kurudi mpaka ngoma ya sikio inatoboka, mtoto anajifunza kuongea huku anasikia nusu ya maneno, shuleni anakaa nyuma kimya au anafanya fujo, anafukuzwa, mtaani, polisi. Kuna uchunguzi ulifanyika magereza ya huku Northern Territory ukakuta zaidi ya wafungwa 9 kati ya 10 wa Kiaborijini usikivu wao umepungua, na hao ni watu wazima, walipokuwa watoto hakuna aliyewatibu ipasavyo. Sasa askari anaita mara mbili kwa nyuma mtoto hageuki, inaandikwa amekaidi amri.

Hapo hapo Banksia Hill kwenu kuna utafiti ulitoka 2018, walipimwa vijana 99, asilimia 89 wakakutwa na walau sehemu moja ya utendaji wa ubongo iliyoathirika vibaya, iwe kumbukumbu, lugha, kujizuia, na asilimia 36 wana FASD. Kinachoniuma mimi ni kwamba karibu wote wenye FASD hakuna aliyekuwa amewagundua kabla ya hapo. Wamepita kwa walimu, madaktari, polisi, mahakimu, wote hao, na hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo anayekwambia kiburi mwulize huyu mtoto alipimwa lini na nani.

Hilo la ndiyo ndiyo usilichukulie kuwa amekubali. Mbele ya mtu mwenye mamlaka ndiyo ni ya kumaliza maongezi ili aachwe aende, na wazee wao walijua vizuri kinachompata anayembishia polisi. Mahakama ya huku tangu 1976 kwenye kesi ya Anunga ilishaweka mwongozo kwamba polisi akimhoji Mwaborijini awepo mkalimani inapohitajika, awepo na mtu wa upande wake, na maswali yasimlishe jibu. Basi na wewe usiulize umeelewa, mwambie akueleze kwa maneno yake kesho akiamka anaenda wapi na nani anampeleka, akishindwa kusema hujamwelewesha.

Masharti ya dhamana nayo, anapewa karatasi ya kiingereza cha mahakama, masharti saba nane kwa mpigo, mtoto mwenye FASD saa za kutotoka nje kwake hazina maana, anajua mchana na giza. Chukua lile karatasi mkalibadilishe liwe picha, bandikeni jikoni kwao, weka alamu kwenye simu yake na ya bibi au shangazi anayeishi naye, siku ya kuripoti mpigie asubuhi sio jana yake. Alafu mfuate wakili wake aombe masharti yapunguzwe yabaki yale yanayobebeka. Niliowaona mimi wakirudishwa ndani wengi hawakuiba tena, walichelewa kurudi nyumbani.

Baba_Amani (Townsville)
Samahani nitasema lisilopendeza. Sisi huku gari limechukuliwa uani usiku, vijana waliingia mpaka sebuleni kutafuta funguo, watoto wangu wamelala chumba cha pili, mke wangu mpaka leo halali taa ikizimwa. Tulikimbia vita tukafika hapa tukidhani tumepumzika. Desemba 2024 jimbo letu la Queensland wamepitisha sheria kwamba kijana akifanya makosa makubwa, kuvunja nyumba, kuiba gari, ahukumiwe kama mtu mzima, na wengi wetu tulifurahi. Kila nikisoma ni ulemavu, historia, sasa aliyevamiwa nani anamuwaza?

Wakili_Kisauni (Sydney)
Pole sana Baba Amani, hofu uliyoipata ni ya kweli na hakuna anayekwambia uimeze. Lakini tuangalie anayefungwa anatokaje. Huko WA, yaani Western Australia, watoto wa Banksia Hill walikuwa wanafungiwa vyumbani karibu siku nzima kisa wafanyakazi hawatoshi, Mahakama Kuu ikasema 2022 ni kinyume cha sheria, ikarudia tena 2023. Mwaka huo huo wa 2022 baadhi yao walihamishiwa Unit 18, ndani ya Casuarina ambalo ni gereza la watu wazima lenye ulinzi mkali, na Oktoba 2023 mvulana wa miaka 16 alijidhuru humo akafariki. Mtoto ambaye kichwa chake hakiunganishi adhabu ya leo na kosa la mwezi uliopita ukimfungia peke yake hajifunzi kitu, anaharibika tu, na siku ya kutoka ipo, anarudi mtaa ule ule wako.

Na hatuongelei wakubwa tu. Sehemu nyingi Australia mtoto wa miaka 10 anashtakiwa, Northern Territory walipandisha hadi 12 mwaka 2023 na 2024 wakarudisha 10. Tume ya kifalme, yaani tume kuu ya uchunguzi ya kitaifa, iliyochunguza wanavyotendewa watu wenye ulemavu kwenye ripoti ya Septemba 2023 ilitaka iwe 14. Waaborijini na wenyeji wa visiwa vya Torres Strait ni kama asilimia 6 ya vijana wa miaka 10 hadi 17 nchi nzima, lakini kwenye vizuizi ni zaidi ya nusu. Mimi hiyo siwezi kuizoea.

Kama unataka mtaa utulie angalia mji wa Bourke huku kwetu jimbo la New South Wales, mradi wa Maranguka, wenyeji wenyewe ndo walioushika usukani, asubuhi wanakaa na polisi na shule wanaangalia jana nani alipata tatizo wanaenda kwao mapema. Tathmini ya 2018 ilionyesha ukatili wa majumbani umeshuka asilimia 23 na wanaobaki shule mpaka mwaka wa 12, ndo wa mwisho wa sekondari, wameongezeka asilimia 31.

Msafiri, na wewe shika hili: kijana wako akikamatwa polisi wanatakiwa kuwajulisha mawakili wa Aboriginal Legal Service. Uwe na namba yao kwenye simu, na kama unajua ana shida ya kuelewa au kusikia waambie wao kabla ya mahojiano, yakishafanyika kuyafuta ni kazi.

Baba_Amani (Townsville)
Mimi sipingi wapimwe. Nachosema wapimwe kabla hawajafika sebuleni kwangu.

Mama_Zawadi (Perth)
Hapo nakuunga mkono kabisa baba, na wenyewe walishalisema. Fitzroy Crossing, Kimberley, ni wanawake wa Kiaborijini waliosimama 2007 wakataka pombe isiuzwe ya kubeba kwenda nyumbani, isipokuwa bia nyepesi, wakachukiwa na watu wao wenyewe, wakaendelea, baadaye ndo wakaalika madaktari waje wapime FASD watoto wa bonde lile waliozaliwa 2002 na 2003. Waliomba wao, hawakuletewa.

Mwanangu Msafiri, swali lako la kupokelewa. Rangi itakufungulia mlango kidogo, watakuuliza unatoka wapi, kwenu ni watu gani, jibu vizuri na wewe uliza. Ila usianze kusema sisi weusi wote sawa, nchi ni yao na wewe umeikuta. Serikali iliwanyang'anya watoto miaka mingi, kuanzia mwanzo wa karne iliyopita mpaka miaka ya 1970, kwa hiyo ukiingia na faili mkononi unauliza mama alikunywa akiwa na mimba, bibi anaona wamekuja tena kuchukua mjukuu. Swali hilo mwachie daktari, tena mama akiwa tayari, wewe uliza mtoto anapenda nini, usiku analala, anakula, nani anamsikiliza. Utajua mengi.

Muulize pia nani mkubwa wake kwenye ukoo, mara nyingi sio mama peke yake, kuna mashangazi na wajomba ambao neno lao linapita lako na la hakimu. Msiba ukitokea wataenda wote hata mbali, siku nyingi, na mtoto ataenda, hapo mpigie wakili kabla ya tarehe ya mahakama isije ikaandikwa ametoroka. Marehemu usimtaje jina mpaka usikie wao wanafanyaje. Na akikaa kimya usikimbilie kuujaza ule ukimya kwa maneno, kaa nae. Asipokutazama usoni ni heshima, hata sisi kwetu tulilelewa hivyo mbele ya wakubwa.

Msafiri_Perth
Asanteni sana, nimesoma mara mbili na nimemtumia msimamizi wangu kipande cha Mwl Rehema kuhusu masikio. Swali moja bado, kuna mwingine yuko ndani sasa hivi, NDIS yake, yaani mpango wa serikali unaolipia huduma za wenye ulemavu, tumeambiwa imesimama mpaka atoke, na anatoka karibuni. Ni kweli hakuna cha kufanya?

Mwl_Rehema (Darwin)
Hapana usikubali. Akiwa ndani huduma za kila siku ni jukumu la jela yenyewe, ndo maana wanasema imesimama, lakini mpango wake haujafutwa na NDIS inaweza kulipia maandalizi ya kutoka. Wana maofisa wao wa kushughulikia walioko kizuizini, mtafute wa WA leo leo, omba kikao kabla ya tarehe ya kutoka, awepo bibi yake au yeyote anayempokea, awepo na wakili. Kwenye kikao uliza vitu vidogo: nani anamfuata getini na saa ngapi, dawa anatoka nazo za siku ngapi, kile kifaa cha masikio kiko wapi na kina betri, ripoti ya vipimo alivyofanyiwa ndani nani anabaki nayo kopi. Kama hajapimwa humo ndani sema sasa hivi akiwa bado yupo, maana nje foleni ya daktari wa watoto ni ndefu na akirudi Kimberley ndo kabisa. Na wewe mwenyewe nenda ukamwone kabla hajatoka, akufahamu sura.