Gari la Baba linachakacha

IJUMAA

Mimi, 18:12
Shikamooni wazazi wote. Gari la Baba limeanza kelele. Nimerudi nalo sasa hivi, linalia kama mtu anatikisa misumari ndani ya mkebe. Hebu sikilizeni.

Mimi, 18:12
🎤 ujumbe wa sauti, sekunde 14

Mama, 18:15
Marahaba. Mimi nimesema wiki nzima gari linalia, naambiwa ni masikio yangu.

Baba, 18:16
Nikiendesha mimi halilii.

Kitindamimba, 18:16
Baba ukiendesha wewe redio inasikika mtaa wa pili 😂

Mjomba, 18:20
Hiyo imenoki. Nimesikiliza sekunde mbili tu nimejua. Konrodi hiyo, ule mkono wa pistoni ndani ya injini. Shemeji anza kutafuta injini nyingine.

Baba, 18:21
Shemeji, hata la jirani ulisema limenoki. Ikawa jeki inaruka kwenye buti.

Kaka, 18:24
Mimi nasema cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini. Gari lina miaka 21 na kilomita 260,000, cheni imelegea hiyo.

Mimi, 18:25
Shangazi uko wapi utuokoe

Shangazi, 18:52
Nilikuwa chini ya gari la watu. Kabla hamjalizika hilo la kaka yangu, nijibuni: linalia LINI? Sijauliza wapi. Sauti inasafiri kwenye chuma, ukiikimbiza kwa masikio utazunguka boneti nzima. Likiwa la baridi au limeshachemka? Limesimama au linapanda mlima? Gia iko D au N?

Mimi, 18:54
Mh. Linalia tu Shangazi.

Shangazi, 18:55
Haya. Liacheni lilale. Asubuhi mtu asiguse ufunguo kabla sijaona picha ya kijiti cha oili. Gari liwe mahali tambarare. Kichomoe, kifute, kirudishe, kichomoe tena, ndipo upige picha.

JUMAMOSI

Mimi, 07:31
📷 picha

Mimi, 07:31
Shikamoo Shangazi. Oili haifiki hata alama ya chini. Imegusa ncha tu.

Shangazi, 07:33
Marahaba mwanangu. Kaka?

Baba, 07:40
Niliongeza juzi.

Mama, 07:41
Juzi ipi baba watoto 🤔

Shangazi, 07:43
Kutoka alama ya chini hadi ya juu, magari mengi ni kama lita moja. Kwa hiyo hapo limepungukiwa zaidi ya lita. Ongezeni nusu nusu, mpime kila mara, msipite alama ya juu. Namba ya oili ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Mjomba, 07:45
Wekeni 20W-50, nzito. Kelele yote inakufa.

Shangazi, 07:47
Kaka Mjomba, kitabu cha hilo gari kinasema 5W-30. Nzito itaziba mdomo wa kelele kwa siku chache huku asubuhi inachelewa kupanda juu kwenye tapeti, vile vidude vinavyosukuma vali. Mimi nataka kelele iseme, sitaki inyamaze.

Mimi, 08:20
Imeingia lita moja na robo. Niwashe?

Shangazi, 08:21
Washa, ila rekodi kuanzia kabla hujazungusha ufunguo. Sekunde tatu za kwanza ndizo nazitaka kuliko zote.

Mimi, 08:26
🎤 ujumbe wa sauti, sekunde 40

Shangazi, 08:31
Sasa rudieni ya jana mfananishe. Jana kulikuwa na tik-tik-tik nyepesi, ya haraka, inakwenda na resi, yaani mzunguko wa injini, na juu yake ile misumari ya mkebe. Leo tik-tik haipo. Zile zilikuwa tapeti zinalilia oili. Mlikuwa na kelele mbili zimevaa kanzu moja, ndiyo maana kila mtu alikuwa anasikia ugonjwa wake.

Kaka, 08:33
Na cheni je?

Shangazi, 08:34
Cheni iliyolegea hupiga kelele unapowasha tu, sekunde moja mbili, mpaka presha ya oili isukume kikaza cheni. Umesikia chochote hapo mwanzo? Imewaka kimya. Sikatai kwamba ina umri, ila leo si yeye.

Mjomba, 08:36
Basi konrodi imebaki

Shangazi, 08:37
Konrodi haichakachi, inagonga. Nzito, kama nyundo kwenye mti, na ukiipa mzigo inazidi. Tuiulize basi. Mwanangu, weka N, panda resi polepole mno, unitajie namba kwenye mita inapoanza na inapoacha.

Mimi, 08:49
Inaanza 1,700. Ikifika 2,100 inakata kabisa. Nikishusha inarudi palepale.

Shangazi, 08:50
😀 Huyo ameshajitaja. Konrodi iliyokufa haikai chumba kimoja ikakwambia nje ya hapa mimi mzima. Hicho ni kibati chepesi kinachotetemeka injini ikifika mtetemo wake. Sasa breki ya mkono juu, mguu mzito kwenye breki, gia D, gusa mafuta kidogo tu. Mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari. Narudia, ASISIMAME.

Kitindamimba, 08:58
Nimesimama pembeni. Kwenye D inalia zaidi! Na inatoka chini, si kwenye boneti.

Shangazi, 09:00
Ukiweka D injini inaegemea upande kwenye maunting zake, ile mipira inayoishikilia, na bomba la ekzosi linaivuta pamoja nayo. Kilichogusana na bomba kinalia zaidi. Lakini tusijipendelee, tuondoe na vya mbele. Chukueni bisibisi ndefu, ncha mahali pagumu pasipozunguka, mpini kwenye mfupa wa sikio. Anza alteneta, halafu pampu ya maji, halafu kifuniko cha tapeti. Nywele na mikono ya shati mbali na mkanda.

Kitindamimba, 09:14
Alteneta inavuma laini. Pampu laini. Kwenye kifuniko nasikia kama cherehani nyingi zinashona pamoja. Shangazi hii bisibisi ni uchawi!!

Shangazi, 09:15
Cherehani ni sawa. Ungesikia mchanga unasagwa, hapo ni beringi. Zimeni, bomba lipoe kabisa. Na likipoa msilale chini yake kwa jeki peke yake, wekeni stendi.

(Baada ya ile "juzi" Baba hakuandika neno tena asubuhi yote, ila nilimwona dirishani ameshika simu.)

Mimi, 11:40
Limepoa. Nifanyeje?

Shangazi, 11:41
Vaa glovu, ligonge bomba kwa ngumi kuanzia mbele kwenda nyuma, taratibu, kama unabisha hodi kwa watu waliolala.

Mimi, 11:52
KRAAA! Ni hiyo hiyo! Kuna bati limefunika bomba kwa juu, bolti moja imeliwa na kutu, tundu limekuwa kubwa, bati linaning'inia upande mmoja.

Mimi, 11:52
📷 picha

Shangazi, 11:54
Ngao ya joto. Zipo nyingi zinaishia hivyo, bati ni jembamba na linapikwa kila siku. Gonga pia lile tumbo la kusafishia moshi, kama ndani kuna kitu kimevunjika kitachezacheza.

Mimi, 11:56
Hilo kimya.

Kitindamimba, 11:57
Si tuling'oe tu hilo bati?

Shangazi, 11:58
Limewekwa lizuie joto lisifike kwenye nyaya, mipira na sakafu mnayokanyaga. Na siku mkiegesha kwenye majani makavu mtalikumbuka. Tafuteni klipu za chuma za kufungia mpira wa rejeta. Moja ikiwa fupi unganisheni mbili, zizunguke bati na bomba, mkaze mpaka bati lisicheze.

Mimi, 13:25
🎤 ujumbe wa sauti, sekunde 22

Mimi, 13:25
1,700, 1,900, 2,100. Kimya!!! 🙌

Mjomba, 13:27
Niliwaambia ni chini chini huko

Kaka, 13:27
😂😂😂

Baba, 13:30
Nilijua ni kitu kidogo. Asante dada yangu.

Shangazi, 13:34
Usiniage kaka. Bati limefungwa, lakini lita moja na robo ya oili ilikwenda wapi? Tandikeni boksi safi la karatasi chini ya injini usiku wa leo.

JUMAPILI

Mimi, 07:10
📷 picha

Mimi, 07:10
Boksi jeupe pee. Hata tone.

Shangazi, 07:18
Chini ya gari sehemu ya injini nako pakavu? Hakuna utelezi?

Mimi, 07:24
Pakavu, vumbi tu.

Shangazi, 07:26
Basi kama haivuji inaungua. Wifi, wewe ndiye unayesimama mlangoni gari likitoka asubuhi. Likiwashwa, ule moshi wa kwanza una rangi gani?

Mama, 07:31
Buluu. Tangu mwezi uliopita. Nikaambiwa ni macho yangu.