Mjadala: Je, maadili yawe somo la lazima lenye mtihani chuo kikuu?

Ndugu wachangiaji,

Hoja iliyo mezani ni hii: je, kila mwanafunzi wa chuo kikuu, awe wa udaktari, uhandisi, sheria au fasihi, alazimishwe kusoma somo la maadili, uwajibikaji na mawasiliano yenye staha, na asihitimu mpaka afaulu mtihani wake? Wanaounga mkono wanasema vyuo vinatoa wasomi wenye shahada lakini wasio na utu. Wanaopinga wanasema samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba aliyefika chuo kikuu bila adabu hataipata kwa mihadhara ya muhula mmoja. Mimi nasimama na wanaotaka maadili yafundishwe, ila naipinga kwa nguvu zote namna inayopendekezwa, kwa kuwa naamini kwamba somo linalosimama peke yake, lenye mtihani mwishoni, litatupatia watu hodari wa kujibu maswali ya maadili na hakuna zaidi.

Nianze na hoja ya samaki, maana ndiyo inayorudiwa mara nyingi. Mwaka 2020 wanafalsafa Eric Schwitzgebel, Bradford Cokelet na Peter Singer walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi zaidi ya 1,300 wa Chuo Kikuu cha California, Riverside. Baadhi yao walisoma na kujadili makala kuhusu maadili ya kula nyama, na wengine wakajadili utoaji wa misaada. Manunuzi yao ya chakula chuoni yalipochunguzwa, ilionekana kwamba kundi la kwanza lilipunguza ununuzi wa nyama kutoka asilimia 52 hadi 45 ya manunuzi yake, ilhali kundi la pili halikubadilika. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa hoja yenyewe ya nyama. La muhimu kwangu ni kwamba watu wazima walijadili jambo darasani, na mwenendo wao nje ya darasa ukaguswa. Ni badiliko dogo, lakini linatosha kuwajibu wanaosema umri huo umekwisha kupitwa na mafunzo.

Upande wa pili wa ushahidi ni mchungu zaidi, na ndio unaonifanya niukatae mtihani. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa theolojia huko Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo jingine kutoa hotuba fupi, baadhi yao wakiwa wamepewa mfano wa Msamaria Mwema kuwa ndiyo mada, na njiani akapitishwa mbele ya mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa kwamba wana nafasi ya kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, asilimia 10 tu. Kwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti ya maana.

Sasa tujiulize ni nani anayewapa wanafunzi wetu haraka hiyo. Chuo kinachorundika kazi zote katika wiki moja, kinachosahihisha insha kwa kuhesabu kurasa, na ambacho mhadhiri anayedai rushwa ya ngono anajulikana na kila mtu lakini bado yuko kazini, tayari kinafundisha maadili kila siku, na mafundisho hayo yana nguvu kuliko muhtasari wa somo lolote.

Ndiyo maana nasema maadili yafundishwe palepale kazi inapofanyika. Chukua mwanafunzi wa maabara aliyepima mara kumi: vipimo vinane vimelala vizuri kwenye mstari, viwili vimekwenda kombo. Anajua jibu linalotarajiwa kitabuni, na anajua kwamba alama zinatolewa kwa jibu hilo, hivyo anavifuta viwili, mchoro unapendeza, na anapewa alama zote. Mhadhiri anayemuuliza “mbona vimebaki vinane?”, kisha akampa alama za juu yule aliyeviacha vile viwili na kujaribu kuvieleza, amefundisha uaminifu kwa namna isiyosahaulika. Mwalimu wa maadili aliye katika jengo jingine hatakaa avione vipimo hivyo.

Kuhusu mawasiliano yenye staha, nasikitika kwamba wachangiaji kadhaa wameyachukulia kama unyenyekevu kwa wakubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kurushia chombo cha anga cha Marekani, Challenger, walipinga kurushwa kwake, kwa hofu kwamba kwenye baridi ile mipira ya kuzibia viungo vya roketi isingeziba inavyopaswa. Walisema wazi, wakiwa na takwimu zao. Kiongozi wao wa uhandisi akaambiwa na mkubwa wake avue kofia ya uhandisi na avae ya umeneja. Pendekezo likageuzwa, chombo kikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Pale hapakukosekana adabu wala elimu. Palikosekana mazoea ya mkubwa kusikiliza pingamizi la mdogo bila kuona amevunjiwa heshima, na mazoea hayo yanaweza kujengwa kwenye semina: kabla hujampinga mwenzako, eleza hoja yake mpaka yeye mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema, na kanuni hiyo imbane mhadhiri kama inavyombana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mchangiaji mmoja ameandika kwamba kisichotahiniwa hakisomwi. Ni kweli, nami sisemi alama ziondolewe. Nasema ziwe ndani ya kila somo, kwa kuripoti vipimo bila kuvichuja, kwa kumtaja uliyechukua wazo lake, kwa kuieleza kwa haki hoja usiyoikubali. Pingamizi zito zaidi ni la aliyesema kwamba mhadhiri wa uhandisi au uhasibu hakufunzwa kuongoza mijadala ya maadili. Hilo sina jibu jepesi kwalo. Naona idara za falsafa zingepaswa kukaa na idara nyingine na kuandaa pamoja visa vya kujadiliwa, jambo linalohitaji muda na fedha ambazo vyuo vingi havipendi kuzitenga kwa kazi isiyoonekana haraka.

Kwa wanaotetea mtihani nina ombi moja: andikeni hapa swali la mtihani huo ambalo mwanafunzi aliyefuta vile vipimo viwili hawezi kulijibu vizuri, ili tulipime pamoja.