Je, ni ukaribu na kiwanda pekee uliowaumiza wakazi wa Owino Uhuru?

Mpangaji wa Jomvu:
Ndugu zangu, ninaandaa hoja za kikao cha wakazi kuhusu kijiji cha Owino Uhuru hapa Mombasa, kilichopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari hadi kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2014. Jirani yangu mmoja anashikilia kwamba moshi hauchagui tajiri wala maskini. Ikiwa ni hivyo, kwa nini sumu ya risasi, yaani yale madini mazito yaliyomo kwenye betri hizo, iliwaelemea watu wa kijijini?

Muuguzi wa Zahanati:
Ukaribu ni mwanzo tu, ndugu yangu. Vumbi la risasi hupenya kwa urahisi katika nyumba ya mabati yenye nafasi wazi kati ya paa na ukuta, na likishatua kwenye sakafu ya udongo halifutiki kama linavyofutika kwenye vigae, ilhali mtoto anayetambaa hapo hutia vidole kinywani mchana kutwa. Baba aliyefanya kazi kiwandani hurudi nalo nguoni. Lipo pia jambo ambalo husahauliwa mara nyingi: mwili uliopungukiwa na madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi nyingi zaidi, kwa hiyo mtoto asiyepata lishe bora hudhurika zaidi kuliko mwenzake aliyeshiba, hata wakimeza vumbi lile lile. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini.

Mwanasheria wa Pwani:
Nakubaliana na muuguzi, nami naongeza suala la uwezo wa kuondoka na uwezo wa kusikilizwa. Mwenye kipato angehama. Mpangaji wa chumba kimoja angehamia wapi? Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani humo na ambaye mwanawe mchanga aliugua, ndiye aliyeongoza madai ya wakazi, akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya Mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wakikua, na madhara ya risasi katika ubongo hayangojei hukumu.

Mpangaji wa Jomvu:
Nimewaelewa, na ninawashukuru sana. Je, wakazi wafanye nini kwa sasa?

Muuguzi wa Zahanati:
Wapanguse sakafu za saruji kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia pakavu, wawanawishe watoto mikono kabla ya kula, na wadai vipimo vya damu. Hata hivyo, kikao kisiwatwike akina mama mzigo huu peke yao. Risasi haiozi, hubaki udongoni kwa miaka mingi, kwa hiyo ajenda ya kwanza iwe kusafishwa kwa udongo wenyewe.